Miwa pori, matete au mabingobingo? Namna ya kuyatambua majani marefu ya bondeni

Huu ni mwaka wangu wa 19 nikikata majani ya ng'ombe. Naishi Kinyerezi. Alfajiri nashuka Bonde la Msimbazi au kwenye vijito vyake nikiwa na panga, kamba za katani na baiskeli ya keria ya chuma. Saa nne mizigo imeshafika Segerea, Tabata na Kimara, kwa watu wanaofuga ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Kazi hii haina shule. Unaonyeshwa na aliyekutangulia, na aliyenitangulia mimi alinionyesha jambo moja tu: "Marefu ndiyo yanajaza mzigo."

Kwa mzigo alisema kweli. Kwa ng'ombe, hapana.

Mwambie mtu wa Dar akuonyeshe miwa pori. Mmoja atakupeleka kwenye mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, mwingine kwenye matete, na shangazi yangu wa Mbagala huita miwa pori kila kitu chenye pingili kisichotafunika, pamoja na mianzi ya mapambo ya jirani yake. Ukisimama barabarani ukatazama bondeni, yote ni kijani, yote yamempita mtu kimo, na yote yanapungia upepo mashungi, yaani maua yake ya kileleni. Miaka saba ya kwanza nami nilikuwa natazama hivyohivyo.

Mwaka wa nane, mwezi wa kumi, kabla vuli haijaanza, majani yakawa adimu. Nikapata uwanja nyuma ya ukuta mmoja, ulikuwa umechomwa moto, na sasa yamechipua majani laini mapana yanayong'aa, kimo cha goti. Nikayakata yote nikampelekea mama mmoja wa Tabata. Nusu saa haikuisha akanipigia simu. Ng'ombe anahema kama aliyefukuzwa, anapepesuka, kisha akaanguka. Daktari wa mifugo alikuwa jirani, akawahi na sindano, ng'ombe akapona. Yule mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilimpelekea majani bure mwezi mzima.

Ulikuwa mtama mwitu. Machipukizi yake machanga yana kemikali ambayo mnyama akiitafuna hugeuka sumu ya sianidi tumboni, na hatari huzidi mmea unapochipua upya baada ya ukame, moto au kukatwa. Damu ya mnyama aliyeathirika huwa nyekundu kupita kawaida, maana oksijeni imo lakini mwili unashindwa kuitumia. Haya sikuyajua. Nilielezwa na mteja wangu mwingine wa Kimara, mwalimu mstaafu wa biolojia mwenye ng'ombe wawili na maneno mengi. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, akasema, "Wewe kijana unatazama majani kama unavyotazama watu ndani ya mwendokasi. Unaona vichwa tu."

Akanifundisha kuanzia kooni, yaani pale jani linapokutana na shina. Ninachoandika hapa ndicho alichonifundisha, pamoja na niliyoyaongeza mwenyewe kwa kuchanika mikono.

Kabla hujashika chochote, vaa shati la mikono mirefu na viatu vya mpira. Kingo za majani haya zina meno madogo yenye silika, kitu kilekile kilichomo kwenye kioo. Ukiliburuza jani kutoka ncha kuelekea shina ndipo utajua maana ya msumeno. Piga ardhi na fimbo kwanza, nyoka wasikie. Maji yaliyotuama usiyakanyage peku, kichocho hakipigi hodi.

Haya, kooni. Shika jani moja la katikati ya shina, sio la juu kabisa wala la chini lililokauka. Lifuate mpaka linapofika kwenye shina. Utaona jani haliishii pale; linageuka kuwa kitu kama mkono wa kanzu unaolikumbatia shina hadi kwenye kifundo cha chini yake. Hiyo ni ala. Sasa livute jani nje taratibu, uchungulie pale linapokunjukia, upande wa ndani. Pana kitu kidogo kimesimama kati ya jani na shina. Mwalimu alikiita kilimi, kama hicho kinachoning'inia kooni mwako ukifungua mdomo mbele ya kioo. Kama macho yamechoka kama yangu, piga picha kwa simu kisha uivute iwe kubwa.

Kilimi kina tabia mbili za kuangalia. Ama ni safu ya vinywele tu, kama kope za jicho, ama ni utando mwembamba kama ganda la kitunguu, wakati mwingine una vinywele ukingoni. Matete yana kope. Mabingobingo yana kope. Miwa ya shambani, miwa pori na mtama mwitu ina utando. Kwa kuchungulia huko tu, sekunde tano, umeshagawa bonde zima mafungu mawili, na bado hujaona ua lolote. Hii ndiyo sababu nakipenda kilimi kuliko shungi: shungi hutoka kwa msimu, kilimi kipo mwaka mzima, hata kwenye jani la kimo cha goti nyuma ya ukuta uliochomwa.

Kutokana na hilo nimejiwekea sheria moja ya kiangazi. Jani changa, pana, lenye kilimi cha utando, lililochipua baada ya moto au jua kali, na sina hakika nalo: silikati. Inawezekana nimeacha majani mazuri mara nyingi, maana hata majani ya Ginea, ambayo ng'ombe huyapenda sana, kilimi chake kina utando wenye nywele. Potelea mbali. Mtama mwitu uliokomaa hatari yake hupungua, na ukikaushwa vizuri ukawa nyasi kavu hupungua zaidi. Ila kunyauka siyo kukauka. Mzigo ulioshinda juani kutwa moja tu bado una sumu, na pengine ni mbaya kuliko mbichi.

Pa pili ni shina. Likate kwa panga kali, mkato ulionyooka, katikati ya pingili na siyo kwenye kifundo. Tete ni bomba: ndani tupu, na kila kifundo kina kizibo. Watoto wa bondeni hulikata upande mmoja wakapuliza filimbi. Mabingobingo yamejaa nyama nyeupe laini, ukiyabana yanatoa unyevu. Basi yale mawili yaliyolingana kope hapo juu yameachana hapa: tupu ni tete, yaliyojaa ni mabingobingo. Tete lina alama nyingine inayojitangaza yenyewe. Aina iliyoenea sana kwetu, ambayo wataalamu huiita Phragmites mauritianus, ncha ya jani lake ni ngumu na inachoma. Ukipita katikati yake ukatoka umechomwa masikioni, huna haja ya panga.

Muwa pori wenyewe, Saccharum spontaneum, ukiukata utashangaa ulivyo mwembamba. Kidole, tena mara nyingi kidole kidogo. Ndani una nyuzi na nyama kavu, na mara nyingi katikati pana kitundu. Utamu upo kwa mbali, kama chai ya mwisho wa mwezi. Jani lake ni jembamba kuliko la muwa wa shambani, na uti wake mweupe ni mnene kiasi kwamba kuelekea chini unakuta kama uti peke yake, jani limebaki ukanda tu pembeni. Haya nayaeleza kwa ajili ya macho. Usiende kuonja kitu chochote kilichoota Msimbazi. Mto ule unatoka vilima vya Pugu ukiwa na adabu zake, lakini mpaka ufike baharini pale darajani Salenda umeshapita nyuma ya viwanda, machinjio na vyoo vya watu.

Na kama shina lina pembe tatu na halina kifundo hata kimoja, acha kabisa. Hilo si jamaa ya nyasi. Ndago na mafunjo wana ukoo wao. Yale yenye gunzi la kahawia kama soseji juu ya fimbo, yanayojaza mabwawa, nayo yana ukoo wao.

Sasa shungi, ambalo watu wote hukimbilia kwanza. Nimeliweka la tatu makusudi, kwa kuwa ndilo linalodanganya. Mabingobingo hayana tatizo: shungi lake ni kama brashi ya kuoshea chupa, limebana, la rangi ya dhahabu iliyofifia, linakwaruza. Mtama mwitu nao hutawanya matawi yenye mbegu nyeusi zinazong'aa, nyingi zikiwa na unywele mgumu mrefu kama sharubu, bila pamba yoyote. Kazi ipo kwenye yale matatu meupe ya hariri: matete, miwa pori na ile nyasi ya kuezekea ambayo mizizi yake hutoboa hata viazi shambani.

Nyasi ya kuezekea ni rahisi ukishajua. Shungi lake ni mkia mmoja mnyoofu, mweupe, laini kama pamba ya dukani, na uti wa jani lake haukai katikati, umesogea upande. Kimo chake nacho ni kifupi, mara nyingi kiunoni au kifuani.

Tete na muwa pori ndio waliotufanya tukae saa nzima chini ya mwembe wa mwalimu, na lenzi yake ya zamani iliyofungwa kamba ya kiatu. Yote mawili yana shungi kubwa lenye matawi, yote yana nywele ndefu zinazong'aa jua likiwa nyuma yake. Chukua kishuke kimoja tu, yaani kile kipande kidogo kabisa kinachodondoka ukipukuta shungi. Kiangalie nywele zinatoka wapi. Kwa muwa pori zinatoka chini, kwenye kitako, zinakizunguka kishuke chote kama mtu aliyekaa ndani ya sketi, na ni ndefu kukipita chenyewe. Kwa tete zinatoka ndani, katikati ya maua madogo yaliyopangana, kwa hiyo kishuke kikiwa kichanga nywele huzioni vizuri na shungi huwa la kahawia au zambarau. Kikishafunguka ndipo linakuwa na manyoya. Alama ya pili: vishuke vya muwa pori viko viwiliviwili, kimoja kimekaa moja kwa moja kwenye tawi, mwenzake ana kikonyo. Mpangilio huohuo wa wawili, mmoja amekaa na mmoja amesimama, utaukuta kwenye mtama. Ni ukoo mmoja. Mahindi yamo, mchaichai umo, miwa imo. Nilipoambiwa mchaichai wa chai yangu ni binamu wa muwa nilidhani mwalimu ananitania, mpaka akanikatia shina la mchaichai akanionyesha kilimi.

Mimi muwa pori niliuona kwa mara ya kwanza Mlimani, umekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu. Mwalimu alinipeleka. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya bondeni na nikaona haya. Mmea wenyewe umeenea kutoka Afrika, Bonde la Naili likiwemo, kupita Asia hadi visiwa vya Pasifiki, lakini hapa mjini, kila mara nilipoitwa "njoo uone miwa pori" nimekuta mabingobingo, au miwa ya kawaida iliyotelekezwa kwenye bustani ya mtu ikawa myembamba kwa njaa. Kwa hiyo ukidhani umeupata, usishangilie. Rudi kooni, kata shina, hesabu vishuke.

Nilimuuliza mwalimu, mmea usio na sukari wala mnofu una faida gani hata watu wauhifadhi kwenye kabati? Tulikuwa tumesimama Ubungo kwa kijana wa juisi ya miwa, ile ya kusaga na tangawizi na ndimu. Akaniambia, "Hicho unachokunywa kina damu yake." Muwa mnono wa asili, Saccharum officinarum, ulitoka New Guinea, ni mtamu lakini dhaifu. Mwishoni mwa karne ya 19, mashamba ya Java yalivamiwa na ugonjwa ulioitwa sereh. Sereh kwa lugha ya kule ni mchaichai, kwa kuwa muwa mgonjwa ulidumaa ukawa kichaka kama mchaichai. Wataalamu wakauchanganya muwa mnono na muwa pori, kisha chotara wao wakamchanganya tena na tena na ule mnono ili utamu urejee na ugumu ubaki. Mwaka 1921 ikapatikana aina iliyoitwa POJ 2878, ikaenea duniani. India nao, kituo cha Coimbatore, walikuwa wameshazalisha Co 205 kwa kuchanganya muwa mnono na muwa pori. Miwa ya mashambani leo bado imebeba sehemu ya kromosomu, vile vibeba urithi, za yule mwembamba wa porini, na yeye mwenyewe hana idadi moja: kuna wenye 40 na kuna wanaofika 128. Hapa kwetu kituo cha utafiti wa miwa kipo Kibaha, mwendo wa daladala moja au mbili kutoka Mbezi. Kijana wa juisi alikuwa anasikiliza. Alituongezea nusu glasi.

Pa nne ni chini ya udongo, na hapa nitasema kwa ufupi kwa kuwa ni kazi ya jembe. Muwa wa shambani hukaa kichaka kimoja pale ulipopandwa. Muwa pori na matete hutambaa kwa mashina ya chini kwa chini, yenye vifundo, na kila kifundo kinaweza kuwa mmea mpya. Ndiyo maana huko Panama, kandokando ya mfereji wa meli, muwa pori umekuwa gugu sugu: moto ukipita unaua miche ya miti, wenyewe unachipua tena kutoka chini. Mtu akikupa kipande cha shina la chini "upande uzuie mmomonyoko", kwanza mwulize ni cha nini. Kwa ukingo unaobomoka mimi nashauri vetiva, nyasi ambayo haitambai. Mizizi yake huenda chini wima, hata mita tatu, na inanukia.

Ukishayatenganisha, matumizi yanajipanga yenyewe. Matete ni ya uzio, dari na mitego ya samaki. Ng'ombe huyala yakiwa machanga tu, tena kwa kununa. Mabingobingo ndiyo chakula. Yakate yakifika kama mita moja, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, rudi baada ya wiki sita hadi nane kama mvua ipo. Wengi husubiri yawe marefu kuliko nyumba ili mzigo ujae, nami nilikuwa hivyo, lakini ng'ombe anaachwa na fimbo tupu. Kuyapanda, kata kipande chenye vifundo vitatu, kiinamishe, viwili viingie udongoni na kimoja kibaki nje. Ukiona shina zimedumaa, majani ya njano, madogomadogo, ng'oa uchome na usichukue mbegu hapo. Ni ugonjwa wa kudumaa, na unasafiri ndani ya vipande vya kupandia.

Na usipoyatambua? Yapeleke kwa anayejua, ila yapeleke vizuri. Picha ya shungi kwa mbali haisaidii. Chimba mmea mzima na kipande cha shina la chini, kung'uta udongo. Mrefu hauwezi kuingia kwenye gazeti, kwa hiyo ukunje kama herufi V, au N, au Z, na pale kwenye mkunjo uache kilimi kimoja kikionekana. Kama shina ni nene, pasua katikati. Tandaza ndani ya gazeti, weka magazeti mengine juu, weka ubao, weka tofali. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne tano za kwanza, hasa masika, la sivyo utavuna ukungu. Mimi nabana yangu chini ya godoro. Mke wangu analalamika kila siku, na mwezi uliopita alinikabidhi moja alilolikuta Kigogo akitoka msibani, limekunjwa herufi N, sawasawa.

Andika lebo siku hiyohiyo: mahali, tarehe, kimo, rangi ya shungi likiwa bichi kwa kuwa likikauka hubadilika, shina tupu au limejaa, maji au nchi kavu, jina la aliyekata. Lebo ya yule mtama mwitu niliiandika miaka miwili baadaye, niliporudi nyuma ya ukuta ule nikaukuta umekomaa na mbegu zake nyeusi. Mwalimu alinisahihishia herufi moja tu. Inasomeka: Kinyerezi, uwanja uliochomwa, nchi kavu, kimo mita 2, kilimi utando, shina limejaa. Chini yake nimeongeza kwa kalamu nyekundu jina la ng'ombe wa yule mama, Sikujua.